Baiskeli na Mlima

Baiskeli nyingi zipitazo katika njia za vijiji vyetu, hasa zile nyeusi zibebazo maziwa na ndizi, zina gia moja tu. Mwendeshaji akifika penye mlima hushuka akasukuma, wala hapana amwonaye kuwa amefanya jambo la ajabu. Lakini iko habari ya watu waliokataa kushuka, na ndani yake mna ugomvi mkubwa. Naona yafaa wanafunzi waisome, maana tukisoma historia ya mashine twazoea kuhesabu majina ya wavumbuzi, tukasahau kwamba mara nyingine chuma kilikuwa tayari zamani, ila watu hawakutaka kukitumia.

Kwanza tuifahamu hesabu yenyewe. Ikiwa gurudumu la meno lililo penye pedali lina meno 48, na kile kigurudumu cha nyuma kina meno 16, basi kila pedali zizungukapo mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara tatu. Mwendo huo wafaa sana tambarare. Weka nyuma kigurudumu chenye meno 32, na mzunguko ule ule wa pedali utatoa mzunguko mmoja na nusu. Mwendo umepungua nusu, na uzito mguuni umepungua vivyo hivyo. Kwa hiyo apandaye mlima ahitaji meno mengi nyuma. Shida ni namna ya kuupeleka mnyororo huko.

Katika mji wa Saint-Étienne, Ufaransa, aliishi mtu jina lake Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853. Alifanya biashara ya hariri, akaiacha akawa muuza baiskeli, na mwaka 1887 akaanzisha gazeti la waendesha baiskeli, ambamo aliandika kwa jina la Vélocio. Juu ya mji ule iko njia ya mlima ifikayo kimo cha mita 1,161, na huko ndiko alikojaribia gia zake. Vifaa vya kwanza vilikuwa duni: mtu alishuka akauhamisha mnyororo kwa mkono, vidole vikajaa mafuta. Hata hivyo Vélocio aliendelea kuwaambia wasomaji wake, mwaka baada ya mwaka, kwamba mtu wa kawaida mwenye gia kadha aweza kwenda mbali kuliko shujaa mwenye gia moja.

Aliyempinga alikuwa mtu mwenye nguvu. Henri Desgrange ndiye aliyeyaongoza mashindano ya kuizunguka Ufaransa tangu yalipoanza mwaka 1903, naye alishika kwamba ushindi uwe wa misuli. Mwaka 1902 aliandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita umri wa miaka 45. Maneno hayo aliyatoa baada ya chama cha watalii, Touring Club de France, kuzijaribu baiskeli katika milima ya Pyrenees. Miongoni mwa walioshiriki alikuwa mwanamke, Marthe Hesse, aliyeendesha baiskeli yenye gia tatu, na yasimuliwa kwamba hakuweka mguu chini njia nzima. Mtu angedhani jambo limekwisha. Halikwisha. Mwaka 1910 mashindano ya Desgrange yalipopitishwa Tourmalet kwa mara ya kwanza, penye kimo cha mita 2,115, Octave Lapize, ambaye ndiye aliyeshinda mwaka ule, alipanda sehemu nyingine akiisukuma baiskeli kwa miguu, na katika milima ile aliwafokea wasimamizi kuwa ni wauaji.

Simwoni Desgrange kuwa mjinga. Alitaka watu washindane, mashine zisishindane, na neno hilo lina haki yake hata leo. Walakini gharama yake ilikuwa ajabu. Kwa miaka mingi waendeshaji wa mashindano walikuwa na kigurudumu kimoja cha meno upande wa kulia wa gurudumu la nyuma na kingine upande wa kushoto. Wakifika chini ya mlima walishuka, wakalegeza nati, wakaligeuza gurudumu zima, kisha wakapanda tena, hali watalii wa kawaida walipita zao wakihamisha mnyororo kwa waya. Desgrange aliacha usimamizi mwaka 1936 kwa ajili ya ugonjwa, na mwaka uliofuata kihamisha-mnyororo kikaruhusiwa. Mshindi wa mwaka huo, 1937, alikuwa Roger Lapébie, naye alikitumia. Vélocio hakuyaona hayo. Alikufa mwaka 1930 kwa kugongwa na tramu.

Jina la Kifaransa la kifaa hicho latokana na garimoshi kuacha reli, nalo lafaa, kwani kazi yake ni kuusukuma mnyororo utoke katika meno haya uingie katika meno mengine. Lakini kina kazi ya pili isiyoonekana upesi. Mnyororo una urefu mmoja. Ukikaa penye meno mengi huhitaji urefu wote, ukikaa penye meno machache hulegea. Kwa sababu hiyo kifaa kina mkono wenye kapi mbili na springi, ambao hukunjika kuuvuta ulegevu huo. Kila mara watu walipotaka meno mengi zaidi, mkono huo ndio uliowazuia.

Tullio Campagnolo wa Vicenza, Italia, alileta mwanzoni mwa miaka ya 1950 kihamisha-mnyororo kilichokwenda kwa umbo la msambamba. Kilikuwa imara, kikaigwa na wengi. Upungufu wake ulikuwa huu: kapi ya juu ilikwenda upande kwa upande tu, hali vigurudumu vya nyuma vimepangwa kama ngazi. Ikiwekwa chini ili isigonge kigurudumu kikubwa, ilikuwa mbali mno na kile kidogo, na mnyororo ukachelewa kuhama. Mwaka 1964 Mjapani Nobuo Ozaki, wa kiwanda kilichotengeneza vifaa vya SunTour, aliuinamisha msambamba ule ukawa wa mshazari, na kapi ikaifuata ngazi hatua kwa hatua. Kwa macho yangu hilo ndilo wazo zuri kuliko yote katika habari hii. Haki ya uvumbuzi ilipokwisha, miaka 20 baadaye, wengine waliuchukua mshazari upesi.

Basi leo mtu akitaka kaseti pana zaidi, yaani fungu la vigurudumu vya nyuma lenye meno mengi kuliko alilo nalo, hana budi kukabili hesabu ile ile. Tuseme mbele ana 50 na 34, na nyuma ana 11 hadi 28. Tofauti ya mbele ni 16, ya nyuma ni 17, jumla 33. Akibadili nyuma kuwa 11 hadi 34, jumla yapanda kuwa 39. Kihamisha-mnyororo cha Shimano cha daraja ya 105 kilichotoka mwaka 2018 kilikuwa na mikono ya namna mbili: mfupi, wa kigurudumu cha meno 30 na jumla ya 35, na mrefu, wa meno 34 na jumla ya 39. Mkono mfupi haufai hapo. Mnyororo ukikatwa mfupi, utavutika penye meno makubwa mbele na nyuma mpaka kitu kivunjike. Ukiachwa mrefu, utaning'inia penye meno madogo. Tena atazame mtambo wa mkononi, kwa kuwa tangu miaka ya 1980 gia huhama kwa mlio mmoja mmoja, na kila mlio huvuta waya kwa kipimo chake. Vifaa vya Shimano vya gia 10 vya barabarani na vya milimani havipatani kwa waya, ijapokuwa idadi ya gia ni moja.

Waendeshaji wa milimani wameamua kuliacha gurudumu la pili la mbele. Mwaka 2012 ilitoka kaseti ya meno 10 hadi 42, na mwaka 2018 ya 10 hadi 51. Tofauti yote ya meno 41 iko nyuma, na mkono wa kuuvuta mnyororo huo umekuwa mrefu hata wakaribia mawe ya njiani.