Kibali, Idhini na Ridhaa: Mtafiti Amwombe Nani Nini?

Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kukusanya data mkoani Singida hupita njia inayojulikana. Chuo humwandikia barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo huelekezwa wilayani au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, hatimaye kwa mtendaji wa kijiji. Akifika kijijini, barua yake imejaa mihuri, naye husema kwa haki kabisa kwamba ana kibali. Anacho, lakini ni cha kuingia katika eneo. Katika ofisi zote hizo hakuna aliyepewa kazi ya kusoma dodoso lake swali kwa swali na kujiuliza: mama atakayejibu hili, litamletea nini kesho?

Kazi hiyo ni ya kamati ya maadili ya utafiti. Nayo ikiridhika hutoa hati ambayo wengi wetu tunaiita kibali vilevile. Vitu viwili vinavyotofautiana kwa shabaha vimepewa jina moja, na matokeo yake ni kwamba mwenye kimoja huamini anavyo vyote.

Napendekeza tugawe kazi kati ya maneno matatu ambayo Kiswahili tayari kinayo. Kibali kibaki kwa mamlaka: ofisi ya mkoa, halmashauri, au Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia inapompa mtafiti wa kigeni ruhusa ya kufanya utafiti nchini. Idhini iwe ya kamati, na jina kamili liwe idhini ya kimaadili. Ridhaa iwe ya mtu anayehojiwa, kupimwa au kupigwa picha, na isitolewe na mwingine yeyote kwa niaba ya mtu mzima mwenye akili timamu. Wapo wanaopenda kusema ithibati ya kimaadili, lakini neno hilo limekwisha kushikwa na mambo ya kusajili vyuo na waandishi wa habari. Ridhaa ina faida ya pekee. Wapenzi wa michezo wanamjua mchezaji wa ridhaa: anayecheza kwa kupenda mwenyewe, bila mkataba wa malipo. Hiari hiyo ndiyo tunayoitaka kwa mshiriki wa utafiti.

Neno maadili nalo lina mzigo. Tukilisikia tunafikiri mavazi, lugha chafu, mmomonyoko wa vijana, au tamko la mali za viongozi. Mwanafunzi anayetafiti bei ya alizeti hudhani halimhusu, kwa kuwa utafiti wake hauna aibu yoyote. Kumbe kamati haipimi aibu. Inapima madhara, hiari na usiri, yaani yale ambayo dunia iliyajifunza kwa gharama kubwa: Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 baada ya ukatili wa madaktari wa Kinazi, Azimio la Helsinki la 1964, na Ripoti ya Belmont ya 1979, iliyozaliwa na kashfa ya Tuskegee, ambako idara ya afya ya Marekani iliwaacha wanaume weusi wenye kaswende bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972 ili iwatazame tu. Mwaka huohuo wa 1979, Bunge letu lilipitisha sheria iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo leo ndiyo yenye kamati ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya.

Basi idhini inahitajika lini? Kwa utafiti wa afya unaogusa watu hakuna mjadala: inahitajika, hata kama mtafiti hatamwona mgonjwa bali atafungua majalada yake tu hospitalini. Jalada ni mtu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, taarifa za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee kisheria pia. Nje ya afya, kipimo changu ni hiki: je, kuna mtu aliye hai ambaye ninachukua kwake neno, picha, muda, sampuli au kumbukumbu inayoweza kumtambulisha, kwa nia ya kuandika maarifa yatakayosomwa na wengine? Kama ndiyo, peleka andiko kwa kamati. Anayechambua takwimu za mvua za Manyoni, au bei za vitunguu zilizokwisha kutangazwa, hana wa kumwomba ridhaa. Anayewauliza wakulima wa Ikungi mapato yao anaye, ingawa kamati huenda ikamaliza shauri lake kwa mapitio ya haraka. Kamati nyingine humsamehe mtafiti mapitio kamili, lakini anayesamehe ni kamati. Mtafiti hajisamehe mwenyewe.

Singida ina mfano unaoonyesha kwa nini dodoso tupu, lisilo na sindano wala dawa, linaweza kuwa la hatari kuliko kipimo cha damu. Katika jamii ya Wanyaturu, kama ilivyo kwa Wagogo, kuna maradhi ya sehemu za siri yanayoitwa lawalawa, na imani ya miaka mingi kwamba tiba yake ni ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilipoharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, kwa kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15, baadhi ya familia zilihamishia tendo hilo kwa watoto wachanga, kwa siri. Sasa mwanafunzi anaandika swali: je, binti yako aliwahi kuugua lawalawa, na mlimtibuje? Jibu la kweli ni kukiri kosa la jinai. Fomu ya ridhaa yenye jina na sahihi ya mama, ambayo mwanafunzi aliiandaa kwa nia njema, inageuka ushahidi. Kamati makini ingeliona hilo: ingeweza kuruhusu ridhaa ya mdomo isiyo na jina, ingeuliza data itahifadhiwa wapi, na ingemtaka mtafiti aseme mapema atafanya nini akigundua mtoto yuko hatarini. Mtendaji wa kijiji hawezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa yeye ni sehemu ya dola inayosimamia sheria ileile.

Mfano wa pili uko Munguli, wilayani Mkalama, kwa Wahadzabe. Ni watu elfu moja na kitu tu, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na wametafitiwa mno. Sampuli za vinyesi vya Wahadzabe zilizaa makala kubwa za kisayansi kuhusu bakteria wa tumbo mwaka 2014 na 2017. Katika kundi dogo hivyo, kufuta jina hakumfichi mtu. Ukiandika umri, jinsia na kambi, jirani atamjua. Tena ridhaa ya mmoja haitoshi pale matokeo yanapowasema wote. Wasani wa Afrika Kusini waliliona hilo, wakatunga kanuni zao wenyewe mwaka 2017 kwa watafiti wanaowaendea, wakidai heshima, ukweli, haki na kujaliwa. Naamini Wahadzabe wanastahili kusaidiwa kupata kanuni zao, na vyuo vyetu ndivyo vianze kuzitii.

Kwa wasimamizi wa tasnifu nina ombi moja. Mwanafunzi akikuletea barua yenye mihuri, muulize pia idhini ya kamati na maelezo ya ridhaa, kila kimoja kwa jina lake. Muulize kabla hajapanda basi la kwenda Singida, kwa kuwa kamati haitoi idhini kwa data iliyokwisha kukusanywa.