Bakuli la mtawa: Mapatano yanayozishikilia jamii za watawa wa Kibudha

ALIPOREJEA Uganda akiwa na joho la utawa na bakuli kubwa la duara mkononi, kuna watu waliodhani Bhante Buddharakkhita amebeba ngoma. Kosa hilo lilikuwa la kuchekesha, ila lilifichua jambo zito. Bakuli hilo ndilo riziki ya mtawa wa Kibudha, naye alikuwa amelileta mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba hutiwa chakula.

Mtawa huyo, ambaye jina lake hutanguliwa na neno la heshima ‘Bhante’, alizaliwa Kampala mwaka wa 1966 na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mnamo 1990 alikwenda masomoni India, na huko ndiko alikokutana na watawa wa Kibudha. Alitawazwa mwaka wa 2002 katika jimbo la California, Marekani, na mwaka wa 2005 akaanzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda katika eneo la Garuga, karibu na Entebbe. Baadaye mama yake mzazi naye akaingia utawani.

Ubudha ulikuwa umefika Afrika Mashariki zamani. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, Wasinhala kutoka kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka walianzisha hekalu mjini Dar es Salaam. Hata hivyo, hilo lilikuwa hekalu la wageni waliohamia pwani pamoja na dini yao. La Garuga lilianzishwa na mwenyeji.

Ili kuelewa ugumu wa kazi yake, yafaa kwanza kuzielewa kanuni za utawa. Katika madhehebu ya Theravada, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Sri Lanka, Thailand na Myanmar, mtawa wa kiume aliyetawazwa kikamilifu hufuata kanuni 227. Hutawazwa akiwa amefikisha umri wa miaka 20. Hula kati ya mapambazuko na adhuhuri pekee. Haruhusiwi kuchimba ardhi wala kukata mimea, hivyo hawezi kulima. Hali chakula alichojipikia, haweki akiba ya chakula cha kesho, na hapokei fedha.

Anayezisoma kanuni hizo kwa mara ya kwanza huenda akadhani ziliwekwa kumtesa mtawa. Lengo lake ni tofauti. Mtu asiyeweza kulima, kupika wala kununua hawezi kujifungia msituni na kuwasahau wanadamu wenzake. Kila kukicha, hana budi kukutana na jirani. Kwa upande wake, jirani anayempakulia wali anapata haki ya kumtazama kwa makini. Mtawa akipotoka, bakuli lake litabaki tupu.

Hayo ndiyo mapatano yaliyodumu tangu zama za Budha mwenyewe, kaskazini mwa India, yapata karne tano kabla ya Kristo. Waumini hutoa chakula, mavazi, makao na dawa. Watawa nao hutoa mafundisho, ushauri na mfano wa maisha ya kiasi. Kwa desturi, mafundisho hayauzwi, na mtawa hungoja aombwe ndipo afundishe.

Linalofundishwa zaidi ni kutafakari. Mwanafunzi huketi kimya na kufuatilia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Fikira zikitangatanga, huzirejesha bila kujilaumu. Zoezi jingine ni la kuwatakia watu heri, akianza na nafsi yake, kisha jamaa na marafiki, hatimaye hata adui. Asiye Mbudha anaweza kufanya mazoezi hayo na kubaki katika dini yake.

Lipo pia onyo ambalo wakazi wa nchi zenye wahubiri wengi wa miujiza watalielewa upesi. Makosa manne humwondolea mtawa utawa wake kwa maisha: kufanya tendo la ndoa, kuiba, kuua mtu, na kudai kwa uongo kwamba amefikia daraja za kiroho asizozifikia.

Huduma kwa wasiojiweza ndiyo inayozitia kanuni hizi majaribuni, kwa kuwa zahanati na shule haziendeshwi kwa bakuli la wali. Nchini Thailand, hekalu moja mkoani Lopburi lilisifika tangu miaka ya 1990 kwa kuwapokea wagonjwa wa Ukimwi waliotelekezwa na jamaa zao. Michango ilimiminika kwa miaka mingi. Mnamo Agosti 2025, aliyekuwa mkuu wa hekalu hilo alikamatwa kwa tuhuma za kufuja fedha za sadaka. Mahakama ndiyo itakayoamua ukweli, lakini kisa hicho kimewakumbusha waumini kwa nini mkono wa mtawa ulikatazwa kugusa fedha.

Huko Garuga tatizo lilianzia upande mwingine. Uganda haina desturi ya majirani kusimama alfajiri kandokando ya barabara wakiwa na chakula cha watawa, kama ilivyo Thailand, Laos na Myanmar. Jamii hiyo changa imelazimika kutoa kabla ya kuzoeleka kupokea. Kituo kilichimba kisima kinachowapa wanakijiji maji safi, na kimejishughulisha na elimu ya watoto.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maji hayo huenda yakajenga urafiki, lakini mapatano ya kale yatatimia siku jirani atakapoliona bakuli likipita, ajue si ngoma, kisha aingie jikoni kwa hiari yake kutafuta cha kutia ndani.