Hesabu ya Mizunguko na Hesabu ya Wakati

Tangu siku ile kampuni ya AEG ilipoidhihirisha Magnetophon yake mbele ya umma wa Berlin, mwaka 1935, mashine ya kunasa sauti kwa utepe ilisifiwa kwa mengi. Lakini kumwambia mtumiaji wake ni dakika ngapi zimepita, hilo mashine nyingi za nyumbani hazikuliweza kwa miongo kadhaa. Tarakimu zilikuwako, tatu au nne ndani ya kidirisha, pamoja na kibonye cha kuzirudisha kwenye sifuri. Ila kihesabio hicho aghalabu kilifungwa kwa ukanda wa mpira kwenye mhimili wa gurudumu, na kwa hiyo kilihesabu mizunguko, wala si wakati. Gurudumu la kupokelea, likiwa tupu, huzunguka upesi, na likishiba utepe huzunguka polepole, ilhali utepe wenyewe wenda kwa mwendo ule ule. Basi mia ya kwanza hupita mbio na mia ya mwisho hukawia, na nambari aliyoiandika mtu kwenye karatasi ya kaseti, ili aukute tena wimbo aupendao, katika mashine ya jirani yaweza kumfikisha katikati ya wimbo mwingine.

Mafundi wa studio, ambao kipindi chao hakina budi kumalizika kabla ya taarifa ya habari, hawakuridhika na kubahatisha huko. Dawa ilikuwa kuweka kigurudumu cha kupimia kwenye njia ya utepe, kikizungushwa na utepe wenyewe: maadamu mzingo wake wajulikana, na mwendo ni takriban sentimita 19 kwa sekunde, mita 19 zikipita ni sekunde 100 zimepita. Hesabu hiyo ni safi, ila utepe ukiteleza juu ya kigurudumu, saa husema uongo bila haya.

Ama haja ya pili ya mtumiaji, yaani rimoti ya kuiendesha mashine kutoka mbali, hiyo haikuwezekana kwa wepesi maadamu mashine iliendeshwa kwa wenzo mzito unaosukuma vyuma. Ilipasa kwanza amri ya mkono igeuke kuwa amri ya umeme. Katika Revox A77 ya mwaka 1967, kazi ya fundi Willi Studer wa Uswisi, vibonye vyepesi viliamrisha relei, na waya mrefu ukachomekwa nyuma ili mtu aendeshe mashine akiwa mbali nayo. Na asiye na rimoti alilazimika kuacha plagi tupu mahali pake, ama sivyo mashine haikutii. Faida, kwa rai yangu, haikuwa uvivu hata kidogo: maikrofoni husikia mvumo wa mota na mgoto wa vyuma, na mashine ikiwekwa mbali na msemaji, sauti hutoka safi.

Hesabu ya wakati na rimoti, mambo hayo mawili, yalikutana mkononi katika vinasa vidogo vya MiniDisc, mfumo ulioletwa na Sony mwaka 1992. Rimoti za baadhi yake zilikaa kwenye waya wa visikilizio zikiwa na kioo kidogo chenye dakika na sekunde, na diski ya dakika 74 ikaweza kuonyesha hata muda uliobaki, kwa kuwa iliandikiwa faharasa yake yenyewe. Faharasa hiyo lakini huandikwa baada ya kunasa; betri ikitolewa kabla, tarakimu zilizokuwa zikihesabu kwa uaminifu zilikuwa zimehesabu bure, maana mashine haitaijua tena sauti hiyo iliko.