Je, Taifa la Marekani Lilijengwa juu ya Dini ya Kikristo?

Wako watu wasemao kwamba taifa la Marekani limepata nguvu na utajiri kwa sababu wazee walioliasisi waliliweka juu ya msingi wa dini ya Kikristo. Wengine hukana kabisa, wakisema kwamba wazee wale hawakuijali dini hata kidogo. Neno hili si dogo kwetu, maana wako Wakristo wenzetu wanaotamani serikali iishike dini yetu na kuwalazimisha watu kwa sheria, nao huitaja Marekani kuwa ndiyo kielelezo. Basi imetupasa kuyatazama yaliyotendeka, kila jambo na mwaka wake, kabla ya kutoa hukumu.

Kwanza tuwape haki yao wale wasemao ndiyo. Mwaka 1620 merikebu iitwayo Mayflower ilivuka bahari kutoka Uingereza, nayo ilichukua watu kama mia moja. Sehemu yao walikuwa Wakristo waliosumbuliwa kwao kwa ajili ya namna yao ya kumwabudu Mungu. Kabla ya kushuka pwani waliandika mapatano, wakasema kwamba wamesafiri kwa utukufu wa Mungu na kwa kuieneza imani ya Kristo. Mwaka 1630 wakaja wengine wengi zaidi, wakakaa Massachusetts, na gavana wao alikuwa John Winthrop. Hao waliupenda sana usomaji wa Maandiko, hata mwaka 1647 wakatunga sheria kwamba kila mji wenye nyumba 50 uweke mwalimu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika. Sisi walimu hatuwezi kulidharau tendo hilo.

Lakini tuangalie pia jinsi dini ilivyokuwa ilipopewa fimbo ya serikali. Katika Massachusetts, tangu mwaka 1631, mtu asiyekuwa mshiriki wa kanisa lao hakuruhusiwa kupiga kura. Mhubiri mmoja, Roger Williams, alifundisha kwamba serikali haina amri juu ya dhamiri ya mtu, tena kwamba mfalme wa Uingereza hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji wa nchi. Kwa ajili ya mafundisho hayo walimhukumu kufukuzwa, naye akatoka wakati wa baridi kali. Mwaka 1636 akaanzisha mji wa Providence katika ardhi aliyopewa na wakuu wa kabila la Narragansett. Mwaka 1660, katika mji wa Boston, walimnyonga mwanamke aitwaye Mary Dyer, kwa kuwa alikuwa wa madhehebu ya Marafiki na alirudi baada ya kufukuzwa. Hayo ndiyo madhehebu yaliyoleta misheni Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902. Waliomnyonga hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa sala.

Katika Virginia nako, kanisa la Kiingereza ndilo lililokuwa kanisa la serikali, na watu wote walitozwa kodi kwa ajili yake. Wahubiri wa Kibaptisti waliohubiri bila ruhusa walitiwa gerezani. Kwa hiyo Wabaptisti walipeleka maombi mengi kwa baraza la Virginia, wakitaka kila mtu aachwe huru katika dini yake. Mwaka 1786 baraza likaipitisha sheria hiyo, ambayo iliandikwa na Thomas Jefferson na kutetewa na James Madison. Jefferson hakuikubali miujiza ya Injili, bali Wabaptisti waliiamini yote; hata hivyo katika jambo hili walisimama pamoja.

Sasa tufike kwenye msingi wenyewe. Tangazo la uhuru la mwaka 1776 lamtaja Muumba aliyewapa watu haki zao, wala halimtaji Kristo. Mwaka 1787 wajumbe walikusanyika Philadelphia, wakaandika katiba. Katika katiba ile hakuna sharti kwamba mtawala awe Mkristo. Bali imeandikwa kwamba mtu asiulizwe dini yake ili apewe kazi ya serikali. Mwaka 1791 likaongezwa neno kwamba Bunge lisiweke dini ya taifa, wala lisiwazuie watu kuishika dini yao. Tena mwaka 1797 Baraza la Seneti lilikubali mkataba na Tripoli, nchi ya Waislamu upande wa kaskazini ya Afrika, na Rais John Adams akautia sahihi. Ndani yake walisema waziwazi kwamba serikali yao haikuwekwa juu ya dini ya Kikristo. Ikiwa waanzilishi wenyewe walisema hivyo, sisi ni nani hata tuwabishie?

Mtu atasema, Mbona fedha yao ina maneno ya kumtumaini Mungu? Maneno hayo yalitiwa katika sarafu mara ya kwanza mwaka 1864, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, yakafanywa kuwa neno la taifa mwaka 1956. Mtu akipaka nyumba rangi baada ya miaka mingi, hatusemi kwamba rangi ile ndiyo msingi.

Liko jambo moja zaidi, nalo latugusa sisi Waafrika. Katiba ile ya mwaka 1787 iliagiza kwamba, katika kugawa viti vya Bunge, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Tena Bunge lisikataze kuingiza watumwa kabla ya mwaka 1808. Wazee wetu waliijua nguo iitwayo merikani. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba na Seyyid Said, Sultani wa Maskati na Unguja, na nguo hiyo ikaja Unguja kwa wingi, hata ikawa kama fedha katika safari za bara. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, nchi ya wale waliotaka kila mtoto ayasome Maandiko. Lakini pamba yake ilichumwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini. Utumwa haukufutwa katika katiba yao ila mwaka 1865. Anayesema kwamba taifa lile lilijengwa juu ya Ukristo, na atueleze jambo hili.

Walakini Ukristo wa kweli ulikuwapo. Richard Allen alizaliwa mtumwa mwaka 1760, akajinunulia uhuru wake. Aliona jinsi watu weusi walivyodharauliwa katika kanisa la wazungu, akajitenga, na mwaka 1794 likafunguliwa kanisa lake la Betheli, katika mji ule ule wa Philadelphia ilikoandikwa katiba. Mwaka 1816 alichaguliwa kuwa askofu. Hakungoja sheria imfanye Mkristo.

Basi jawabu letu ni hili. Watu wengi walioijenga Marekani walikuwa Wakristo, na imani yao ilileta shule na makanisa. Lakini serikali yao ilitengwa na dini kwa kusudi, na katika waliotaka itengwe walikuwamo Wakristo waliokuwa wameonja gereza mikononi mwa Wakristo wenzao.

Nasi tutamanio sheria ya kuwalazimisha jirani zetu, tujiulize kwanza: tukisema dini iwe ya serikali, itakuwa ya misheni ipi? Katika kijiji kimoja wamo watu wa misheni hii na ile, wamo na Waislamu. Leo fimbo ikiwa mkononi mwetu, kesho itakuwa mkononi mwa mwingine. Afadhali tuiombe serikali itende haki kwa watu wote, na kazi ya kuwavuta watu kwa Kristo tuifanye wenyewe, kwa mafundisho na kwa mwenendo, tukianza nyumbani mwetu: kwa wake zetu, watoto wetu, na wale tunaowaajiri mashambani.