Uanagenzi katika Ofisi za Uhasibu za Uingereza

Taasisi ya wahasibu ya Uingereza na Wales ilipata hati ya kifalme mwaka 1880. Kijana aliyetaka kuingia humo alifungwa kwa mkataba wa uanagenzi wa miaka 5 chini ya mhasibu mwanachama, au 3 iwapo alikuwa na shahada. Mshahara haukuwapo, mzazi ndiye aliyelipa, na katika ofisi kubwa za London ada ilifika mamia ya pauni. Pwani ya Afrika Mashariki fundi alipewa ada ya kilemba mwanagenzi alipohitimu. London fedha zilitangulia, kijana hajashika hata kalamu. Ndiyo maana watoto wa vibarua walikuwa nadra miongoni mwa wahasibu, na dhuluma hiyo ilipita taabu zote za ofisini.

Taabu zenyewe hazikuwa chache. Wanagenzi walikaa wawiliwawili kutwa nzima, mmoja akisoma tarakimu za daftari, wa pili akizisaka katika leja na kutia alama ya vema. Kisha safu zilijumlishwa kwa kichwa, peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni, ukurasa baada ya ukurasa. Peni moja ikipungua, walianza upya. Miaka ilipita hivyo, na mengi ya kufaulu mtihani kijana alijisomea mwenyewe usiku.

Mwaka 1900 sheria iliyalazimisha makampuni yaliyosajiliwa kukaguliwa hesabu. Mengi yalifunga vitabu Desemba 31, hivyo kazi ikarundikana miezi ya baridi. Ofisi ziliajiri makarani wa msimu, na hesabu zikiisha, ajira yao nayo iliisha.

Wanawake hawakupata hata nafasi ya kuchoka huko. Mary Harris Smith, aliyeendesha ofisi yake mwenyewe London, alikataliwa uanachama katika karne ya 19. Alipokewa mwaka 1920, baada ya sheria ya 1919 kukataza kumfungia mtu taaluma kwa sababu ya jinsia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ada ilififia na wanagenzi wakaanza kulipwa, japo kidogo. Kwa Mwafrika wa makoloni ya Afrika Mashariki, hata hivyo, kusomea cheti cha taasisi hiyo kulidai kuvuka bahari. Kenya iliunda bodi yake ya mitihani, Kasneb, mwaka 1969, na Tanzania ikaanzisha yake, NBAA, kwa sheria ya 1972; mhasibu akaweza kutahiniwa nyumbani.