Nani Ashike Fedha Zikiwa Njiani: Historia Fupi ya Kuunganisha Leja, kutoka Pesa za Simu hadi Mikataba Mahiri

Kabla ya mwaka 2014, mkazi wa Bombo, kata ya milimani katika Wilaya ya Same, aliyetumiwa fedha na mwanawe wa Dar es Salaam kutoka mtandao mwingine wa simu hakuziona katika salio lake. Alipokea ujumbe wenye namba ya siri, kisha akamtafuta wakala wa mtandao wa mtumaji ili alipwe taslimu. Wakala huyo asipokuwapo kijijini, safari ya kuteremka mlima ilikuwa sehemu ya gharama. Shilingi zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni daftari zilimoandikwa.

Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, na baadaye zikafuata Tigo Pesa, Airtel Money na Ezy Pesa ya Zantel. Kila kampuni ilitunza leja yake, huku fedha halisi za wateja zikiwekwa katika akaunti za amana kwenye benki za biashara. Mwezi Juni 2014, Tigo, Airtel na Zantel zilitangaza makubaliano ya kuunganisha huduma zao. Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi zaidi, ilijiunga Februari 2016. Mafanikio hayo husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mitambo. Simulizi hiyo ina upungufu. Kazi nzito ilikuwa majadiliano ya kanuni, yaliyoratibiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) huku Benki Kuu ikifuatilia bila kushurutisha: nani alipe ada, nani ajibu malalamiko, na, zaidi ya yote, nani abebe hasara ujumbe ukifika na fedha zisifike. Suala hilo la mwisho lilijibiwa kwa kila kampuni kutanguliza fedha kwa mwenzake, ili malipo ya mpokeaji yasitegemee ahadi tupu.

Tatizo hilo hilo liliibuka upya katika blokicheni, yaani leja zinazotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi pasipo mmiliki mmoja. Ethereum, iliyozinduliwa Julai 2015, iliwezesha matumizi mapana ya mikataba mahiri: programu zinazohifadhiwa ndani ya leja na kutekeleza masharti yake zenyewe. Hata hivyo, mkataba mahiri hauoni nje ya blokicheni yake. Kwa hiyo yakajengwa madaraja. Mkataba wa upande wa kwanza hufungia mali; waangalizi huthibitisha tukio hilo; mkataba wa upande wa pili hutoa tokeni inayowakilisha mali iliyofungiwa. Mantiki yake haiko mbali na ile ya fedha zilizotangulizwa mwaka 2014, isipokuwa kwamba ghala sasa linalindwa na msimbo na funguo za siri.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2022. Daraja la Ronin lilikuwa na waangalizi 9, na saini 5 zilitosha kuidhinisha utoaji. Mwezi Machi mshambuliaji alipata funguo 5 akachukua ether 173,600 pamoja na tokeni za dola milioni 25.5. Wizi huo uligunduliwa siku 6 baadaye, mtumiaji mmoja aliposhindwa kutoa mali yake. Mwezi Agosti, daraja la Nomad liliporwa baada ya kosa katika maboresho ya msimbo kufanya ujumbe wa uongo ukubalike kuwa wa kweli. Watu wengi walinakili muamala wa kwanza wakabadilisha anwani tu. Mikataba ya Nomad ilitekeleza kwa uaminifu kamili kile ilichoandikiwa, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake.

Si haki kuishia kwenye madaraja hayo. Itifaki ya IBC ya Cosmos, iliyoanza kutumika mwaka 2021, huifanya kila blokicheni ihakiki yenyewe uthibitisho wa nyingine badala ya kutegemea kikundi kidogo cha washika funguo. Polkadot ilichagua kitovu kimoja. Tanzania nayo ilipita njia inayofanana: mikataba ya wawili wawili huongezeka haraka, kampuni 4 zikihitaji 6 na kampuni 5 zikihitaji 10, na baadaye Benki Kuu ikajenga kitovu chake, TIPS.

Linalobaki ni mahali pa kulalamikia. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 iliipa Benki Kuu mamlaka ya kusimamia watoa huduma, hivyo mzee wa Bombo ambaye fedha zake zimepotea kati ya mitandao miwili ana kampuni ya kuidai na msimamizi juu yake. Novemba 2019 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza kwamba sarafu za mtandaoni hazikubaliki kisheria nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka ijiandae kwa teknolojia hiyo, na mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali. Mkusanya kodi, basi, alikwisha kutajwa katika sheria. Mkataba wa darajani, kwa upande wake, hauna namba ya huduma kwa wateja.