Kuchangamana

Anayetaka kuona kuchangamana aende delta ya Rufiji. Bahari inapojaa, huyasukuma maji baridi ya mto hadi kwenye mashamba ya mpunga, na pale maji ya chumvi na ya mto yanapokutana ndipo mikoko inapostawi.

Kitenzi hicho ndicho kilichotumika katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, pale Paulo anapowakataza Wakorintho kuchangamana na baadhi ya watu. Kigiriki chake ni synanamignysthai: ndani yake mna syn, yaani pamoja, na mignymi, kuchanganya. Katika Agano Jipya kinatokea mara tatu tu. Chetu nacho kina vipande vyake: chang-, kama katika kuchanganya, -am-, ya kuwa katika hali fulani, kama katika kuinama, na -an-, ya kutendana. Mtu mmoja anaweza kuchanganya. Kuchangamana kunataka wawili.

Paulo anafafanua kwamba hasemi juu ya watu wa nje, maana ingewabidi Wakorintho waihame dunia. Anamsema anayeitwa ndugu. Mara ya tatu, katika Wathesalonike wa Pili, watafsiri walibadilisha neno: wakasema watu wasizungumze naye. Shabaha imeandikwa hapo hapo: atahayari, lakini asihesabiwe adui, aonywe kama ndugu.

Nasoma mistari hiyo nikiikumbuka Kibiti ya mwaka 2017. Aprili 13 polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji nao waliuawa, mmoja baada ya mwingine. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Mwenyekiti ni mtu anayezungumza na kila mtu. Hiyo ndiyo kazi yake. Akiuawa yeye, jirani anajiuliza: nikionekana nimesimama na fulani, nani atasema mimi ni mpelelezi, na nani atasema ni mwenzao?

Hapo watu huacha kuchangamana bila waraka wala amri. Tofauti naiona hapa: kutengwa kwa Paulo kulimjua mtu, kosa lake na njia ya kurudi. Hofu haimjui yeyote, kwa hiyo haina wa kumwonya wala wa kumpokea. Ndiyo maana utulivu ukirejea, bado kuna kazi ambayo doria haiwezi kuifanya: mtu aketi tena barazani na jirani yake, wazungumze.